Fomu na Msomaji Wake: Utafiti wa Lugha na Mahitaji ya Serikali ya Kidijitali Turkana Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo, na ule unaokosekana, baina ya utafiti wa vyuo vikuu na mahitaji ya serikali inayowahudumia wananchi kwa mitambo ya kidijitali. Mfano unaotumika ni wa Turkana nchini Kenya, hususan sehemu kama Nakalale, zilizo katika mazingira ya Kakuma lakini nje ya mji. Hoja kuu ni kwamba utafiti kuhusu nyasi za Turkana umekwisha kuingia katika mitambo ya serikali na kuleta manufaa, ilhali utafiti kuhusu lugha na maisha ya Waturkana, ambao ni mkongwe zaidi, haujapata njia kama hiyo. Makala yanaonyesha gharama ya pengo hilo kwa kuchunguza mambo matatu yanayojitokeza katika fomu za usajili, yaani kaya, jina na uraia. Mwishoni panapendekezwa kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya.

1.0 Utangulizi

Safari ya Kenya kuelekea serikali ya kidijitali si ya jana. Mwaka 2004 iliundwa Kurugenzi ya Serikali ya Kielektroniki katika Ofisi ya Rais. Mwaka 2013 Vituo vya Huduma vilianza kufunguliwa, na mwaka uliofuata mfumo wa eCitizen ukaanza kutumika. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa bila karatasi, ambapo wahesabuji walibeba vishikwambi na kuingiza majibu humo moja kwa moja. Katika sensa hiyo Kaunti ya Turkana ilikuwa na watu 926,976, walioenea katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, sehemu kubwa yake ikiwa nyika ya wafugaji.

Makao makuu ya kaunti ni Lodwar. Kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kwenye barabara iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini, upo mji wa Kakuma, unaojulikana ulimwenguni kwa kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Nakalale iko upande huo wa Kakuma. Mkazi wa Lodwar au Kakuma anaweza kukutana na serikali ya kidijitali kwenye kompyuta au simu. Mfugaji wa Nakalale, kwa kawaida, hukutana nayo kwa njia ya mtu. Huja kijana mwenye kishikwambi au daftari, huketi kivulini, huuliza maswali na kuondoka na majibu. Mtambo wenyewe uko mbali, lakini matokeo ya kikao hicho cha muda mfupi hurejea kwa sura ya fedha, chakula, kitambulisho, au kutopata chochote kati ya hivyo.

Uzito wa jambo hili unaeleweka vizuri Turkana. Mnamo Agosti 2010 serikali ilitangaza kwamba matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane yamefutwa. Tatu kati yake zilikuwa Turkana ya Kati, Turkana Kaskazini na Turkana Kusini. Suala hilo lilifikishwa mahakamani. Waliohesabiwa waliambiwa kuwa hesabu yao haiaminiki, ingawa wao walikuwa wamejibu walichoulizwa. Kwa hiyo, swali la msingi katika makala haya ni hili: ni maarifa gani ambayo tayari yamo vyuoni, na ambayo yangeifanya hesabu ya serikali iwe ya kuaminika zaidi kwa pande zote mbili?

2.0 Fomu kama Matini

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuiuliza matini swali hili: inamdhania msomaji wa aina gani? Swali hilo lilifafanuliwa na wananadharia wa upokezi wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, hasa Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa mtazamo wa Iser, kila matini huwa na msomaji anayedhaniwa, aliyefumwa ndani ya matini yenyewe. Aidha, matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa ujuzi wake wa maisha.

Nadharia hii hutumiwa zaidi katika uhakiki wa riwaya na tungo nyinginezo. Hata hivyo, inafaa vilevile kuchunguzia fomu ya usajili. Fomu ni matini iliyojaa mapengo ya wazi kabisa, yaani mistari mitupu na visanduku vinavyongoja alama. Msomaji anayedhaniwa na fomu nyingi za serikali ana jina lisilobadilika tahajia, ana tarehe ya kuzaliwa, anaishi mahali pamoja, na ni wa familia yenye mkuu mmoja na jiko moja. Anayelingana na picha hiyo huijaza fomu bila taabu. Asiyelingana nayo hulazimika kukatwa au kurefushwa mpaka aenee kisandukuni.

Kuna tofauti mbili muhimu kati ya fomu na riwaya. Kwanza, msomaji asiyeielewa riwaya hupoteza burudani na mafunzo, lakini mtu asiyeeleweka na fomu hupoteza haki. Pili, huko Nakalale anayeisoma fomu mara nyingi si yule anayehusika, bali ni mdodosaji. Yeye hulisoma swali kwa Kiingereza au Kiswahili, hulifasiri papo hapo kwa Kiturkana, husikiliza jibu, kisha hulirejesha katika lugha ya fomu. Kila swali, basi, hufasiriwa mara mbili, na wadodosaji ishirini wanaweza kulifasiri kwa namna ishirini. Hifadhidata huyapokea majibu yote kana kwamba swali lilikuwa moja. Hilo ni kosa ambalo kompyuta haiwezi kuligundua kwa sababu halimo katika tarakimu. Limo katika maneno yaliyotangulia tarakimu.

3.0 Pale Utafiti Ulipoifikia Serikali

Kabla ya kulalamikia pengo hilo, ni haki kueleza mahali ambapo utafiti na serikali vimeungana Turkana, kwani mfano huo unatufundisha namna ya kuungana.

Mpango wa kinga dhidi ya njaa unaojulikana kwa kifupi kama HSNP ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 2000 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu yake ya pili, iliyoanza mwaka 2013 chini ya mamlaka ya serikali inayosimamia masuala ya ukame, NDMA, mpango ulilenga kaya zipatazo 100,000 zilizolipwa kila miezi miwili kupitia akaunti za benki. Kuanzia 2016 malipo hayo yalikuwa shilingi 5,400 kwa kila awamu ya miezi miwili. Zaidi ya hizo, kaya nyingine zilisajiliwa ili zilipwe pale tu ukame unapozidi.

Je, serikali ilijuaje kwamba ukame umezidi? Hapo ndipo chuo kikuu kilipoingia. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi. Kipimo cha sasa hulinganishwa na viwango vya chini na vya juu vilivyowahi kuonekana mahali hapo katika miaka iliyopita, na matokeo huwekwa kwenye mizani ya uoto. Chini ya 35 ni ukame wa wastani, chini ya 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Watafiti wa chuo kikuu cha BOKU kilichoko Vienna, Austria, waliandaa mbinu ya kuzisafisha picha hizo dhidi ya mawingu na kuzitoa mara kwa mara kwa matumizi ya NDMA. Hivyo, makala ya kisayansi yaligeuka kuwa utaratibu wa serikali, na utaratibu ukawa malipo mkononi mwa mfugaji.

Mfano wa pili unafanana na huo. Bima ya mifugo inayotegemea vipimo vya setilaiti ilibuniwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ikishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu, kikiwemo Cornell cha Marekani. Ilianza kuuzwa Marsabit mwaka 2010. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliigeuza kuwa mpango wake, KLIP, ukianzia Turkana na Wajir. Serikali ililipia kila kaya iliyochaguliwa ada ya bima ya mifugo iliyo sawa na ng'ombe watano, ambapo mbuzi au kondoo kumi huhesabiwa kuwa sawa na ng'ombe mmoja.

Mambo matatu yaliuwezesha muungano huo. Serikali ilikuwa na swali mahususi, utafiti ulitolewa kwa muda uliopangwa badala ya kungoja kuchapishwa, na matokeo yalikuwa katika umbo ambalo mtambo ungeweza kulitumia. Hata hivyo, vipimo hivi vina mipaka. Setilaiti huona ukijani, haioni malisho. Mti ambao Wakenya wengi huuita mathenge na Waturkana huuita etirae uliletwa Turkana katika miaka ya 1980 na kuenea kwenye kingo za mito. Mti huo hubaki kijani hata nyasi zikikauka. Mfugaji hawezi kuchanganya etirae na nyasi, lakini kipimo cha ukijani peke yake kinaweza.

Mpaka ulio mkubwa zaidi ni mwingine. Setilaiti husaidia kuamua lini walipwe na katika sehemu gani. Nani alipwe ni jambo linaloamuliwa na orodha, na orodha hutengenezwa kwa maneno. Nyasi za Turkana zimesomwa kwa makini kuliko wenye nyasi.

4.0 Kaya na Awi

Neno linalobeba uzito mkubwa kuliko yote katika mipango hii ni kaya. Neno lenyewe lina historia ndefu. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu mtakatifu. Nchini Tanzania neno hili limezoeleka katika shughuli za serikali, kama katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF. Katika sensa za Kenya, kaya ni mtu au kundi la watu wanaoishi katika boma moja, wanaopika pamoja, na wanaowajibika kwa mkuu mmoja.

Fasili hiyo inaonekana timamu mpaka inapofikishwa kwa Waturkana. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu mwaka 1955, alieleza kwamba familia hupangwa katika ngazi mbili. Ngazi ya juu ni awi, yaani boma la mwanamume pamoja na wake zake, watoto, wategemezi na mifugo. Ndani ya awi kila mke ana ekol yake, yenye vibanda vyake, watoto wake na mifugo aliyotengewa kwa ajili ya maziwa. Mwanaanthropolojia J. Terrence McCabe, ambaye alizifuatilia familia za Ngisonyoka wa Turkana Kusini kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 2004, alionyesha jambo jingine. Familia hizo huhama mara kwa mara, na huweza kugawanyika kulingana na aina ya mifugo na hali ya malisho, sehemu moja ikienda mbali na nyingine ikibaki.

Sasa fasili ya sensa irejelewe. Ikiwa kigezo ni kupika pamoja, basi ekol ndiyo kaya. Ikiwa kigezo ni kuwajibika kwa mkuu mmoja, basi awi ndiyo kaya. Ikiwa kigezo ni kuishi katika boma moja, jibu linategemea msimu ambao mdodosaji alifika. Vigezo vitatu ambavyo mjini huenda pamoja, nyikani huachana.

Suala hili si la wanaisimu kubishania tu. Tuchukue mfano wa awi yenye wake watatu, na malipo ya shilingi 5,400. Mdodosaji aliyefasiri kaya kwa neno awi ataandika kaya moja. Shilingi 5,400 zikigawanywa sawasawa, kila ekol itapata 1,800 kwa miezi miwili. Mdodosaji mwenziwe katika kijiji cha pili, aliyefasiri kaya kwa maana ya ekol, ataandika kaya tatu, na iwapo zote zitakubaliwa, awi hiyo itapokea shilingi 16,200. Familia mbili zenye ukubwa mmoja na njaa moja zitakuwa zimetenganishwa kwa shilingi 10,800, na kilichozitenganisha ni neno. Aidha, pale awi nzima inapoandikwa kwa jina la mtu mmoja, anayekosa kuonekana ni mke ambaye ekol yake ndiyo inayolisha watoto.

Haidaiwi hapa kwamba awi ni tafsiri sahihi na ekol ni potofu, wala kinyume chake. Kinachodaiwa ni kwamba uamuzi huo unapaswa kufanywa mara moja, mapema, na watu wanaoujua, kisha ufuatwe katika kila kijiji. Maarifa ya kuufanyia yamekuwapo tangu 1955.

5.0 Jina, Tahajia na Umri

Kisanduku cha kwanza cha fomu huwa ni cha jina. Huenda ndicho kinachodhaniwa kuwa chepesi, na kumbe ndicho chenye mtego. Tuanze na majina ya mahali. Mji wa mpakani uliotajwa hapo juu umeandikwa Lokichoggio, Lokichogio na Lokichokio katika maandishi mbalimbali. Msomaji hutambua kwamba huo ni mji mmoja. Hifadhidata isiyoelekezwa huona miji mitatu.

Chanzo cha hali hii kilielezwa zamani. Gerrit Dimmendaal, katika sarufi yake ya Kiturkana iliyochapishwa mwaka 1983, alionyesha kuwa lugha hiyo ina vokali tisa, ilhali herufi za vokali zinazotumiwa na karani aliyefunzwa Kiswahili na Kiingereza ni tano. Alieleza pia kwamba Kiturkana kina vokali zisizo na mghuno, ambazo mwishoni mwa neno husikika kama mnong'ono. Karani mmoja huisikia vokali hiyo na kuiandika, na mwingine haisikii na kuiacha. Kwa hiyo, mtu mmoja anaweza kuwa na jina lenye vokali ya mwisho katika kitambulisho, na jina lisilo na vokali hiyo katika orodha ya msaada. Mbele ya mtambo unaolinganisha herufi kwa herufi, hao ni watu wawili. Isitoshe, mwanamume wa Kiturkana huweza kujulikana na wenzake kwa jina linalotokana na maksai ampendaye, na jirani akiulizwa habari zake hulitaja hilo.

Umri nao una utaratibu wake. Katika jamii ambayo mwaka hukumbukwa kwa tukio lake, kama ukame, maradhi ya mifugo au vita, swali la tarehe ya kuzaliwa halina jibu la tarakimu. Wahesabuji wa sensa nchini Kenya wamekuwa wakitumia kalenda za matukio ili kukadiria umri. Kalenda ya namna hiyo ni kazi ya fasihi simulizi. Mwanafunzi anayekusanya visasili na nyimbo za matukio hukusanya pia, pengine bila kujua, ushahidi wa umri wa watu. Umri huo ndio unaoamua nani anastahili kitambulisho na nani anastahili malipo ya wazee.

6.0 Raia ni Nani?

Neno la tatu linagusa moyo wa serikali yenyewe. Katika Kiswahili sanifu, raia ni mwananchi mwenye haki na wajibu chini ya dola. Katika Kiarabu, ambako neno lilitoka, asili yake inahusiana na kundi linalochungwa. Waturkana walilitwaa neno hilo kutoka Kiswahili na kulipa maana mahususi. Kwao raiya ni mtu wa nyikani anayeishi kwa mifugo, tofauti na mkaaji wa mjini. Neno lilisafiri kutoka kwa mchungaji hadi kwa dola, na huko Turkana likarudi kwa mchungaji.

Mdodosaji anayeuliza kwa Kiswahili kuhusu raia ana jambo moja akilini, na msikilizaji wake wa Nakalale huenda ana jingine. Katika mazingira ya Kakuma tofauti hiyo ni nzito, kwa sababu hapo serikali hulihitaji neno raia ili kumtenga mwenyeji na mkimbizi. Kambi ya Kakuma, na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, zimewaweka wenyeji na wageni katika ujirani wa kudumu, huku kila upande ukiwa na hifadhidata zake. Matokeo ya mtu kuwekwa upande usio wake yalionekana kwingineko kaskazini mwa Kenya, hasa Garissa. Huko Wakenya waliowahi kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula walinyimwa vitambulisho kwa sababu alama za vidole vyao zilikutwa katika hifadhidata ya wakimbizi.

Mazingira hayohayo yametoa pia mfano wa uteuzi mzuri wa maneno. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya msaada kupitia simu za mkononi, utaratibu huo uliitwa Bamba Chakula. Ni jina la Kiswahili cha mitaani, lakini linaeleza tendo lenyewe, na lilifaa mahali ambapo Wasomali, Wakongo, Wasudani na Waturkana hukutana kwa Kiswahili sokoni.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu hichohicho kinaitaka dola iendeleze lugha za kiasili. Kifungu cha 35 kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, swali lisiloeleweka katika fomu ya serikali linakuwa suala la haki.

7.0 Kwa Nini Maarifa Hayafiki

Ikiwa maarifa yapo, kwa nini hayatumiki? Sababu ya kwanza ni ya njia. Nchini Kenya mtafiti hupata leseni kutoka kwa NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kabla ya kwenda nyanjani hujitambulisha kwa wakuu wa kaunti, na baada ya kumaliza hutakiwa kuwasilisha nakala ya tasnifu yake. Njia, basi, ipo, lakini nakala ya tasnifu ya kurasa mia mbili haimfai afisa anayetunga fomu ya maswali thelathini. Inahitaji mtu wa kuifupisha kwa lugha ya kazi.

Sababu ya pili ni ya wakati. Wataalamu wa lugha huitwa mwishoni, fomu ikiwa imekwisha kutungwa, ili waitafsiri tu. Watafiti wa nyasi walihusishwa tangu swali lilipokuwa likiundwa. Tofauti ya matokeo inatokana na hapo.

Sababu ya tatu ni ya zana. Mwaka 2022 watafiti wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walitangaza Kencorpus, mkusanyo wa matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya kwa ajili ya matumizi ya kompyuta. Kazi hiyo inathibitisha kwamba vyuo vya Kenya vina uwezo wa kuzitayarisha lugha za nchi kwa mitambo. Kiturkana hakikuwamo.

Ya nne ni imani. Mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Somo la uamuzi huo linavihusu vyuo pia. Anayekusanya majina ya watu wa Nakalale kwa ajili ya tasnifu hana ruhusa ya kuyakabidhi kwa serikali. Kinachopaswa kuvuka kutoka chuoni hadi ofisini ni maarifa kuhusu maneno na mpangilio wa maisha. Siri za waliohojiwa zibaki zilipo.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, iandaliwe faharasa ya maneno ya fomu kwa Kiswahili na Kiturkana, yenye maneno kama kaya, mkuu wa kaya, makazi, umri, mapato na raia. Kila neno liambatane na maelezo ya namna ya kuliuliza na mfano wa jibu. Maneno hamsini yaliyojadiliwa na wazee, akina mama na wadodosaji yatafaa kuliko kamusi kubwa isiyofika nyanjani.

Pili, kila fomu ijaribiwe kwa tafsiri rejeshi. Mtu mmoja aifasiri kwa Kiturkana, na mwingine ambaye hajaiona airudishe kwa Kiswahili. Pale matini mbili zitakapotofautiana ndipo penye kasoro. Zoezi hili hufundishwa katika kozi za tafsiri, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kurudia usajili.

Tatu, upangwe mwongozo wa tahajia wa majina ya watu na mahali, unaozingatia vokali za Kiturkana, ili hifadhidata zielekezwe kuyatambua maumbo tofauti ya jina moja. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilichoko Lodwar, kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kina nafasi nzuri ya kuiongoza kazi hii, kwa sababu wasemaji wa lugha na ofisi za kaunti wako jirani.

Nne, wanafunzi wa Kiswahili wanaotafiti katika maeneo ya wafugaji waandike, pamoja na tasnifu, muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi. Nakala moja iende kwa serikali ya kaunti, na nyingine isomwe mbele ya wale waliohojiwa. Wenyeji ndio wahakiki wa kwanza wa tasnifu inayowahusu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba serikali ya kidijitali huanza kabla ya kompyuta. Huanza pale swali linapoulizwa na mtu mmoja kwa mwingine, katika lugha fulani, chini ya mti fulani. Turkana imethibitisha kuwa chuo na serikali vinaweza kushirikiana, kwani vipimo vya Vienna viliwahi kuharakisha malipo ya wafugaji. Ushirikiano wa namna hiyo haujajengwa katika upande wa lugha, ingawa Gulliver, Dimmendaal na McCabe walikwisha kuweka msingi.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulidumu kwa misimu mitano ya mvua iliyokosekana, hadi mwisho wa 2022. Hapana shaka mwingine utakuja, na setilaiti itauona mapema. Mwanamke wa Nakalale ambaye ekol yake haikuandikwa hataonekana na setilaiti yoyote. Wa kumwona ni yule atakayekuwa amejua, kabla ya ukame, kwamba awi moja inaweza kuwa na meko matatu. Kuliandika hilo katika fomu, kwa neno linaloeleweka na wote, ni kazi ya taaluma ya lugha, na wanafunzi wa Kiswahili hawana sababu ya kuwaachia wengine.